Bayumi Mtabiri wa Majalada

Kwenye meza zetu za vitabu pale Mtaa wa Nabii Danieli, Iskandaria, sheria ni moja na haijaandikwa popote: aliyefungua kanunua. Riwaya mpya hutoka kwa mchapishaji zimevikwa nailoni, na nailoni ikishachanwa kitabu ni chako, hata kama ndani umekuta mapishi ya mbilingani. Basi mteja husimama, akakigeuza mbele na nyuma, akakipima uzito kama anayenunua tikiti, halafu akabaki anakuangalia wewe. Kwa Bayumi haikuwa hivyo. Wewe ulimpa kitabu, naye alikuambia kinahusu nini bila kukifungua.

Hakuwa mganga. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha uchapaji, chumba cha kukata majalada, na huko ndiko alikojua siri ambayo wasomaji hawaijui: wachoraji wa majalada hawasomi. Mchoraji hupewa jina la riwaya kwa simu, mara nyingine yuko kwenye foleni ya mkate, naye huchora linalomjia. Kwa hiyo asiyetaka kudanganywa asiiangalie picha, amwangalie mchoraji. Bayumi aliwajua wote. Mlango wa buluu, alisema, kuna urithi. Mwanamke aliyegeuza mgongo, hakuna mtu pale kiwandani aliyeelewa riwaya inasema nini. Kikombe cha kahawa, kurasa mia tatu na hakuna kitakachotokea. Waridi, atakufa mtu, tena asiye na maana sana kwenye hadithi. Katika kumi alipatia sita, na saba siku akiwa kashiba vizuri.

Kwa mtu mmoja tu hakukosea kamwe. Huyo alikuwa Mwalimu Insaf, mjane, aliyefundisha wasichana kusoma miaka thelathini, na ambaye kila Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri alikuja na koti lake la kijivu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alichukua kitabu kutoka meza ya Bayumi, akakiinua. "Haya, Bwana Bayumi. Hiki?" Bayumi alifumba macho kidogo, kwa madoido, akatabiri. Alhamisi iliyofuata Mwalimu alirudi na kutoa alama, kama darasani. "Tisa juu ya kumi. Hukusema kwamba shangazi ni mwongo." Miaka tisa walikwenda hivyo. Kumi juu ya kumi hakuwahi kutoa, alisema hiyo ni ya Mungu.

Siri ya kutokosea ni hii. Mwaka wa kwanza kabisa Mwalimu alimwambia, huku anavaa glavu zake, "Niuzie chochote. Mapenzi, vita, wizi, nitasoma. Ila usiniuzie mume anayesahau jina la mkewe. Hicho nimekisoma kwangu miaka minne. Kila asubuhi alinishukuru kwa chai kama mgeni aliyepita." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda zake. Bayumi alirudi nyumbani siku ile hana raha. Sita katika kumi haikutosha tena. Ikiwa mchoraji kachora waridi, na ndani yumo mume wa namna hiyo, je?

Tangu hapo kila kitabu alichotaka kuweka mkononi mwa Mwalimu Insaf alikisoma kwanza. Aliifungua nailoni kwa wembe upande wa chini, akakisoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, kisha akaifunga tena kwa pasi ya marehemu mkewe, ile iliyovunjika ncha. Aliitanguliza karatasi juu, akapitisha pasi mara moja tu, na nailoni ikashikana kama vile haijaguswa. Vitabu vyenye mume wa kusahau aliviuza kwa wengine. Mtu asiyependa riwaya hata kidogo alisoma riwaya mia nne na zaidi, na nyingi, aliniapia, zilimchosha kuliko kubeba maboksi.

Nisimsifu kupita kiasi. Zile tisa juu ya kumi alizipenda. Alianza kwa huruma, akaja kunogewa na sifa, na mwaka wa saba huko huruma ilikuwa imekaa nyuma na sifa imeshika usukani. Alikuwa mtabiri wa Mwalimu Insaf, na mtaa mzima ulijua. Dada yake, Zuzu, alimwambia mbele yetu sote, "Miaka tisa unamtabiria mwanamke vitabu. Utamtabiria ndoa lini?" Bayumi alikohoa, akapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Lakini moyoni alikuwa amekata shauri: mvua za baridi zikiisha, atamwambia.

Kabla mvua hazijaisha akaja Helmi.

Helmi alikuwa kondakta wa tramu aliyestaafu, mtu wa miaka hamsini na mitano, ana sauti ya kupita juu ya vyuma na masharubu ya kupakwa mafuta. Alifungua meza ng'ambo ya njia, mkabala kabisa na Bayumi. Vitabu hakuvijua. Alivipanga kwa rangi. Wateja walipomwuliza kitabu kinahusu nini, naye, kwa kuwa aliona jirani anatabiri, akatabiri.

Alhamisi moja Bayumi alikwenda kona kuchukua chai mbili, moja yake na moja ya Mwalimu, kama kawaida. Aliporudi na sinia akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia miaka tisa. Mwalimu Insaf alikuwa anacheka. Si kutabasamu. Alikuwa ameishika meza ya Helmi kwa mikono miwili, kifungo cha juu cha koti kimefunguka, anacheka mpaka machozi.

"Rudia," alikuwa anamwambia Helmi. "Hao vipara, rudia."

Helmi alikuwa ameinua riwaya iitwayo Kiti cha Labib, jalada lake kiti kitupu na mwavuli. "Huyu Labib ni kinyozi, Mwalimu wangu. Ana wateja watatu, wote vipara, na hakuna anayekubali kuwa ni kipara. Kila Jumamosi wanakuja kunyolewa. Yeye anawanyoa hewa. Mkasi kwa kwa kwa, hewa tupu, na wanamlalamikia kawapunguza sana."

"Na mwavuli?"

"Mwavuli wa mkewe. Kachoka na mume anayenyoa hewa, kila siku anatishia kuondoka, na kila akitoka mlangoni mvua inanyesha."

Bayumi alisimama katikati ya njia na sinia lake mpaka pikipiki ikampigia honi. Kiti cha Labib alikuwa amekisoma. Kinahusu karani anayemngoja kaka yake aliyehamia Australia, na kaka harudi. Hakuna kinyozi. Hakuna kipara hata wa kupita njia. Alisogea, akasema kwa sauti ya mtu anayesahihisha bei, "Mwalimu, hicho ni cha ndugu wawili, mmoja kahama."

"Najua utakuwa umepatia," alisema Mwalimu, akifuta macho. "Wewe hupatia daima." Akakinunua kwa Helmi.

Chai ya Mwalimu ikapoa mezani. Bayumi hakuimwaga. Aliiangalia mchana kutwa kama ushahidi.

Wivu wa kijana ni moto wa karatasi, unawaka na kuzimika. Wa mtu wa miaka sitini na moja huo ni makaa, ukiupulizia majivu unang'aa. Bayumi alianza kuhesabu. Alhamisi ile Mwalimu alikaa kwa Helmi dakika ishirini, kwake saba. Alhamisi iliyofuata kwa Helmi nusu saa. Alimpa Bayumi tisa yake kama mtu anayelipa nauli, akavuka njia. Kicheko kikaja tena, na Bayumi alikuwa anamfungia mteja kitabu akakifunga pamoja na miwani yake mwenyewe. Usiku hakulala vizuri, asubuhi alinyoa vibaya. Alimchukia Helmi masharubu yake, sauti yake, jinsi alivyotafuna mbegu za maboga na kutema ganda kiungwana kwenye ngumi. Zaidi ya yote alichukia hili: yeye alikuwa amesoma riwaya mia nne ili mwanamke yule aitikie kwa kichwa, na kondakta wa tramu, bila kusoma hata mgongo wa kitabu, alikuwa amemfungua kifungo cha koti.

"Kaka," Zuzu alimwambia, "mwendee leo umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba natabiri kwa usahihi? Hilo analijua, na halimchekeshi."

Hapo ndipo alipojipalia makaa. Palikuwa na riwaya mbili za mchapishaji mmoja, kimo kimoja, unene mmoja. Ya kwanza, Harusi ya Bata, jalada lake bata aliyevaa shela, jambo la kuchekesha lisilo na dhambi. Ya pili, Mchele wa Damanhur, jalada la gunia, mambo ya wafanyabiashara wa mchele na kesi yao ya urithi. Bayumi aliisoma hiyo kurasa sitini, akapiga miayo, akaona inatosha. Gundi ya mgongo wa kitabu ukiipitishia pasi ya moto hulegea. Mtu aliyekata majalada miaka kumi na tisa hahitaji kufundishwa. Mchana mmoja nyumbani kwake alikivua kitabu cha bata jalada lake, shela na yote, akauvika mchele. Akapaka gundi, akaminya chini ya kamusi, akarudisha nailoni, akapitisha pasi.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Helmi akimwona bata atalipuka na kisa chake. Mwalimu atacheka, atanunua, atafika nyumbani, atakuta mahakama na magunia. Vitabu vya majalada ya kubadilishana hutokea viwandani, atadhani ni hitilafu tu. Lakini atachoka na utabiri wa upuuzi, na Alhamisi atarudi kwa mtu anayejua.

Sisi wa mtaa ule hubadilishana vitabu asubuhi, wewe una ziada ya hiki, mimi sina. Bayumi alivuka na vitabu vitatu, bata yuko katikati. "Chukua, Helmi. Kwangu havitoki."

"Mungu akubariki, Hajji," alisema Helmi, aliyemwita Hajji ingawa Bayumi Makka aliiona kwenye kalenda tu. "Lo, huyu bata ana macho ya shemeji yangu."

Alhamisi ilipofika Mwalimu Insaf alikuja kwanza kwa Bayumi. Aliinua mkono kuchagua. Bayumi alisema, na ulimi ulikuwa mzito, "Wiki hii sina kipya, Mwalimu. Mwulize Helmi."

Mwalimu alimwangalia kidogo. Miaka tisa hakuwahi kumwambia hana kipya. "Sawa," alisema, akavuka.

Mengine yalikwenda kama alivyopanga, na kila kilichokwenda kilimchoma. Bata wa Helmi aliposwa na jogoo tajiri, akakataa kwa sababu jogoo huamka mapema mno. Mama mkwe akawa bata mzinga. Mwalimu alicheka mpaka akaketi kwenye kigoda cha Helmi, kigoda ambacho Bayumi hakuwahi kufikiria kumwekea. Kisha akaondoka na kitabu kwapani, na Bayumi akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea upande wa kituo cha tramu.

Alhamisi iliyofuata hakuja.

Bayumi alijiambia ni mvua. Ilinyesha kweli, tulikuwa tumefunika meza zote kwa plastiki. Alhamisi ya pili jua lilitoka, njia ikakauka, na hakuja. Helmi alivuka na mkono uliojaa mbegu za maboga, akamkaribisha. Bayumi akakataa.

"Mwalimu wako kapotelea wapi, Hajji?"

"Wangu kivipi? Si kwako anakokaa nusu saa?"

Helmi alishangaa kweli, masharubu yakasimama. "Kwangu anakuja kucheka, bwana wee. Mimi nafunga mdomo, keshainuka. Kila akikaa uso kaugeuzia kwako. Hujaona? Nilidhani mmeshazungumza, nikawa nangoja kualikwa karamu."

Helmi aliporudi kwake, Bayumi alichukua nakala nyingine ya Mchele wa Damanhur, ile yenye gunia, akaifungua hapo hapo mezani, mchana kweupe. Alianzia ukurasa wa sitini na moja. Mahakama, magunia, wakili, magunia. Alisoma wateja wakipita bila kuwaona. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili mfanyabiashara mkubwa wa mchele analetewa supu na mkewe wa miaka arubaini. Anamtazama, anamshukuru kwa adabu sana, anamwuliza, Wewe ndiye mtumishi mpya?

Bayumi alikifunga kitabu. Akakifungua tena, kana kwamba maneno yangeondoka. Kurasa mia na hamsini zilizobaki zilikuwa hizo tu, mume anasahau, mke anajitambulisha kila asubuhi. Mia nne alizisoma mpaka mwisho ili hii moja isimfikie, na hii moja ameifikisha kwa mkono wake, imevaa shela. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Yeye alichimba, na aliyeingia ni Mwalimu Insaf.

Alhamisi ya tatu alikuwa amekaa tu, hakupanga hata vitabu, alipoona koti la kijivu. Vifungo vyote vimefungwa. Mwalimu Insaf alikuja moja kwa moja kwake, akaweka bata mezani, na juu yake ile nailoni, ameikunja vizuri.

"Nipe mkono," alisema. Akakichukua kidole cha Bayumi, akakipitisha kwenye pembe ya chini ya nailoni. Palikuwa na kikunjo kidogo, kama jino lililovunjika. "Unakijua hiki?"

Bayumi alikijua. Ilikuwa ncha ya pasi ya mkewe.

"Kila kitabu ulichoniuza kinacho," alisema Mwalimu. "Cha kwanza nilidhani ni mashine ya kiwanda. Mwaka wa pili nikanunua kitabu kwingine, hakina. Nikajua unasoma kabla, unanifungia. Nikasema, mzee mzima anaibia mtihani, na nikawa nakupa tisa nione utaendelea mpaka lini."

"Mwalimu."

"Sijamaliza. Halafu nikawa naangalia. Riwaya za siku hizi kila ya tatu ina mzee anayesahau, ni fasheni. Miaka tisa, kwako, hata mmoja. Nikaelewa unaibia mtihani kwa nini. Nikaacha kukucheka moyoni." Aliweka kiganja juu ya bata. "Hiki kimetoka kwa Helmi na kina kikunjo chako. Kwa hiyo nilikisoma bila hofu. Hata mambo yalipokuwa ya mchele na si ya bata, nikasema Bayumi keshapita humu, hakuna kibaya. Nilikisoma kitandani, Bwana Bayumi. Nilifika mia mbili na kumi na mbili."

Ng'ambo, Helmi aliacha kutafuna.

"Sikukisoma," alisema Bayumi. "Nilisoma sitini."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema macho. Angeweza kusema kazi nyingi. "Wivu," alisema. "Ulikuwa unacheka kule. Mimi sikuwahi kukuchekesha. Nilitaka akosee, uje kwangu."

"Yeye hukosea kila wiki. Ndiyo maana nacheka." Mwalimu alivuta pumzi, akaipitisha puani. "Mia nne ulisoma kwa ajili yangu. Hiki umekifunga kwa ajili ya Helmi. Sifuri."

Akageuka, akavuka njia.

Bayumi alibaki na nailoni mkononi. Alimwona anasimama kwenye meza ya Helmi, anaonyesha kitabu. Helmi, ambaye leo alikuwa na aibu ya mtu aliyesikia yasiyomhusu, alitabiri kwa sauti ya chini. Mwalimu hakucheka, ila bega lilitikisika mara moja. Hata hilo Bayumi alilionea wivu. Kisha Mwalimu akavuka tena, kitabu kimevikwa nailoni yake mpya ya kiwandani, jalada lake kikombe cha kahawa. Akakiweka mbele ya Bayumi.

"Helmi anasema kinahusu paka mpiga ramli," alisema. "Kisome. Mpaka mwisho. Alhamisi uniambie kama nitakiweza. Na sitaki pasi. Nipe wazi, nijue kimepita mikononi mwako."

"Na kwa Helmi?"

"Kwa Helmi nitakwenda. Nitacheka vilevile. Utaweza?"

Bayumi aliutazama ule uso alioukosa Alhamisi mbili, akamtazama Helmi na masharubu yake. Hakuweza kusema ndiyo na hakutaka kusema uongo tena. Akatia ukucha kwenye nailoni, mbele ya mtaa mzima, akaichana kutoka juu mpaka chini.

"Hajji," Helmi alipaza sauti yake ya tramu, "bado hakijalipwa hicho. Aliyefungua kanunua."

"Nimenunua," alisema Bayumi, akavuta kiti chake mwenyewe na kumwekea Mwalimu Insaf.